Shule na Nafasi Iliyo Wazi: Kuisoma Upya Hotuba ya Luther ya Mwaka 1530

Maandiko ya Martin Luther kuhusu elimu ni mengi, lakini mawili ndiyo yanayotajwa mara kwa mara katika Kanisa letu. La kwanza ni barua yake ya mwaka 1524 kwa madiwani wa miji yote ya Ujerumani, akiwasihi waanzishe na kuzitunza shule za Kikristo. La pili ni hotuba ndefu ya mwaka 1530, inayowahimiza wazazi wawaweke watoto wao shuleni. Tunapoweka jiwe la msingi la darasa, tunapochangisha fedha za bweni, au tunapowaonya wazazi wasiwatoe watoto shuleni, maandiko haya hutajwa, na ni haki yatajwe.

Hata hivyo, andiko linalotajwa sana laweza kuwa andiko lisilosomwa. Makala hii inahusu hilo la pili, na nia yake ni kuonyesha mambo mawili. Kwanza, hotuba ya 1530 haihusu tu kuwaandikisha wanafunzi. Inahusu hasa urithishaji wa uongozi, yaani jinsi kazi ya Mungu inavyopata watu wapya wale wa kwanza wanapoondoka. Pili, hotuba yenyewe ina pengo, na pengo hilo limo pia katika shule zetu: twaandaa viongozi kwa ajili ya mahali pengi, isipokuwa kwa ajili ya shule yenyewe. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wachungaji, ambao wengi wao ni wajumbe au wenyeviti wa bodi za shule, na wanafunzi watakaopewa kazi hizo baada ya kubarikiwa, jambo hili si la wanahistoria peke yao.

1. Mazingira ya hotuba

Mwaka 1530 Luther alikaa miezi kadhaa katika ngome ya Coburg. Hakuweza kwenda Augsburg, ambako ungamo la wenzake lilisomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni, kwa sababu alikuwa ametengwa na sheria ya dola. Mwishoni mwa Mei baba yake mzazi, Hans Luther, alikuwa amefariki. Katika majira hayo aliitunga hotuba hii kwa ajili ya wahubiri, ili wao nao wapate kuwahimiza watu katika sharika zao. Aliiwekea barua ya kumheshimu Lazarus Spengler, mwandishi wa Halmashauri ya mji wa Nürnberg, mji ambao mwaka 1526 ulikuwa umefungua shule mpya kwa msaada wa Philip Melanchthon.

Tatizo lililomsumbua ni hili. Kabla ya matengenezo ya Kanisa, mzazi aliyempeleka mtoto shuleni alijua faida yake: mtoto angekuwa padre au mtawa, naye angepata riziki ya maisha. Monasteri zilipofungwa na misa za kulipiwa zilipokoma, njia hiyo ya riziki ikazibika. Wazazi wengi wakaona shule haina maana tena. Katika mji wa biashara kama Nürnberg, mtoto aliyejua kusoma kidogo na kuhesabu alionekana amepata elimu ya kumtosha. Hivyo Kanisa lililokuwa limerudishiwa Injili lilikuwa katika hatari ya kukosa watu wa kuihubiri.

Hapo ndipo tunapaswa kuanzia usomaji wetu. Luther hakuandika akiangalia madawati yasiyo na watoto peke yake. Aliangalia mimbari, mahakama, ofisi za miji na vyumba vya waganga, akauliza nani atakaa humo miaka michache ijayo. Aliona nafasi zilizo wazi kabla hazijawa wazi. Shule kwake ni jibu kwa swali la nani atafuata.

2. Wadhifa na mwenye wadhifa

Msingi wa hoja yake ni wa kitheolojia. Kazi ya kuhubiri, asema, imewekwa na Mungu mwenyewe, nayo imegharimu damu ya Mwanawe. Serikali ya dunia nayo ni karama ya Mungu, ingawa ni ya daraja nyingine, kwa maana bila hiyo wanadamu wangeishi kama wanyama wa mwitu. Wadhifa hizi zote mbili hudumu. Wenye kuzishika hupita. Kwa hiyo yeye anayeweza kuandaa mtu wa kuushika wadhifa wa Mungu, akakataa kufanya hivyo, hakosi mbele ya jirani tu. Anaharibu kitu ambacho si mali yake.

Hoja hii ina makali ambayo kwa kawaida tunayaelekeza kwa wazazi. Lakini tuielekeze kwa mkuu wa shule, au kwa mchungaji mwenyekiti wa bodi, tuone inasema nini. Ikiwa wadhifa ni wa Mungu, basi mkuu wa shule amewekewa amana. Kazi yake haijakamilika anapofaulisha wanafunzi na kulipa madeni. Kuna sehemu ya kazi hiyo inayohusu siku ambayo yeye hatakuwapo. Anayeitunza shule vizuri kwa miaka 20, kisha akaondoka bila kumwacha hata mmoja anayejua jinsi ilivyotunzwa, amefanya lile lile ambalo Luther aliwakemea wazazi wa Nürnberg. Amekula matunda ya mti asiopanda mwingine mahali pake.

Hotuba yasema pia ni watoto wa nani watakaofuata. Luther hawategemei watoto wa wakuu na matajiri. Anawakumbusha wasomaji kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wakiimba milangoni kuomba mkate, na kwamba baba yake alimtunza Erfurt kwa jasho lake. Anawataka matajiri waache wasia kwa ajili ya wanafunzi maskini. Anasema hata kwamba watawala wanayo haki ya kuwalazimisha wazazi wawaweke shuleni watoto wenye uwezo, kama wanavyowalazimisha raia kushika silaha wakati wa vita. Na kuhusu mwalimu asema kwamba, kama angelazimika kuiacha kazi ya kuhubiri, hakuna kazi nyingine ambayo angeipenda kuliko ualimu, na kwamba mwalimu mwaminifu hawezi kulipwa kiasi kinachomstahili.

Katika barua ya 1524 alikuwa ametangulia kusema kwamba utajiri wa mji si kuta, nyumba wala silaha, bali ni wananchi wenye elimu, busara na adabu. Tena aliwauliza madiwani: ikiwa kila mwaka mnatumia fedha nyingi kwa bunduki, barabara, madaraja na mabwawa, kwa nini msitumie kiasi hicho hicho kwa ajili ya vijana maskini, mkawapa mwalimu mmoja au wawili? Tena aliwataja wasichana, akitaka nao wapate saa yao ya shule kila siku. Hotuba ya 1530 kwa upande huu imerudi nyuma: yazungumza karibu wakati wote juu ya wana wa kiume, kwa kuwa wadhifa anazozihesabu zilikuwa za wanaume. Anayetaka kuitumia leo hana budi kuisoma pamoja na barua ya 1524, asije akatumia ukimya wake kuwa hoja.

3. Pengo lililomo katika hotuba

Sasa tufike kwenye udhaifu mkubwa zaidi. Luther anaeleza kwa nguvu jinsi mtu anavyoingia katika njia ya uongozi. Haelezi jinsi anayeongoza anavyompisha mwingine. Mlango wa kuingilia umefunguliwa wazi, lakini wa kutokea hautajwi. Katika hotuba, mtoto anapelekwa shuleni, anasoma, anakuwa mhubiri, mwanasheria, tabibu au mwalimu, na hapo habari yake inakwisha. Haisemwi kwamba mhubiri yule naye anapaswa, angali na nguvu, kumweka mtu karibu yake na kumgawia kazi.

Yawezekana kumtetea Luther kwa kusema kwamba hotuba moja haiwezi kubeba mambo yote, na kwamba mwaka 1530 haja kubwa ilikuwa watoto. Utetezi huo ni wa haki, lakini hautoshi, kwa sababu historia iliyofuata inalifunua pengo hilo. Luther alifariki mwaka 1546. Muda mfupi baadaye vita viliwashinda watawala wa Kiprotestanti, na mwaka 1548 Kaisari akatoa amri ya muda kuhusu dini. Wanafunzi wa Wittenberg wakagawanyika: upande mmoja walikuwapo waliomfuata Melanchthon, na upande mwingine waliojiita wafuasi wa kweli wa Luther, ambao Matthias Flacius alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mashindano hayo hayakutulia hata baada ya Melanchthon kufariki mwaka 1560. Ilibidi wangoje hadi Kanuni ya Upatano ya mwaka 1577 ndipo sehemu kubwa ya Walutheri wa Ujerumani walipopata njia moja. Yaani zaidi ya miaka 30 tangu kifo cha mwalimu wao.

Sisemi kwamba mpango mzuri wa urithishaji ungaliyazuia hayo yote. Mambo ya siasa na ya mafundisho yalikuwa mazito. Nasema tu kwamba Wittenberg ilikuwa shule iliyowaandaa viongozi wa nusu ya Ulaya, na bado yenyewe ilipata taabu kubwa kukubaliana ni nani anayeendeleza kazi ya mwalimu wake na kwa namna gani. Watu wenye elimu walikuwapo, tena wengi. Kilichokosekana ni makubaliano yaliyojengwa mapema, mwalimu angali hai.

4. Mfano wa Goldberg

Mfano mwingine ni wa shule halisi. Valentin Trotzendorf, aliyezaliwa mwaka 1490 na kusoma Wittenberg, aliiongoza shule ya Goldberg katika Silesia, eneo ambalo leo limo katika Poland. Alikuwa na wanafunzi wengi na walimu wachache. Kwa hiyo akawatumia wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo, akaipanga shule yake kama jamhuri ndogo. Wanafunzi walikuwa na wakuu wao, na baraza lao, na mahakama yao. Aliyeshtakiwa kwa kosa alijitetea mbele ya wenzake, na mwalimu mkuu alikuwa juu ya wote. Sifa ya shule ikaenea mbali.

Mtu anayesoma habari hizi leo hufikiri mara moja juu ya viranja na serikali za wanafunzi katika shule zetu. Lakini kuna tofauti. Kiranja wa Goldberg alifundisha, aliamua, alibeba matokeo ya uamuzi wake. Kiranja wetu mara nyingi anapiga kengele, anaandika majina ya waliochelewa, na kupeleka majina hayo kwa mwalimu wa nidhamu. Yule alijifunza kuongoza. Huyu anajifunza kuripoti. Tukitaka shule ya Kikristo iwe mahali pa kukuzia viongozi, tofauti hiyo ni ya kutafakari.

Hata hivyo Goldberg nayo ina onyo. Mwaka 1554 moto uliunguza mji pamoja na shule. Trotzendorf akahamia Liegnitz na wanafunzi wake, akafariki huko mwaka 1556. Shule haikufutika, lakini utukufu wake ulikuwa umefungamana na mtu mmoja. Mwalimu aliyewagawia wanafunzi madaraka kwa ukarimu namna ile hakuwa amejenga, ngazi ya juu, mpango ambao ungeweza kusimama bila yeye. Aliwaandaa vijana kuongoza kila mahali, ila kiti chake mwenyewe kilibaki kuwa chake. Hili ni pengo lile lile la hotuba ya 1530, nalo lilionekana katika shule ya mmojawapo wa wanafunzi bora wa Wittenberg.

5. Historia yetu wenyewe

Tukigeukia Tanzania, tunakuta kwamba Kanisa letu limewahi kuyaishi mafundisho ya Luther pasipo kuyaita hivyo. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na wenzao wa Berlin na Bethel walikuwa wakifanya kazi katika maeneo mengine ya nchi. Kila walipokwenda walifungua shule, na shule hizo zikawatoa walimu. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walilazimika kuondoka nchini, na huko Kilimanjaro hapakuwa na mchungaji mwenyeji hata mmoja aliyebarikiwa. Wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Ni nani aliyezishika sharika katika kipindi kile? Kwa sehemu kubwa walikuwa walimu na wazee. Mwalimu aliyefundisha herufi siku za juma ndiye aliyeongoza ibada siku ya Bwana, akawafundisha wakatekumeni na kuwaangalia wagonjwa. Hapakuwa na sherehe ya makabidhiano. Lakini kazi haikufa, kwa sababu shule ilikuwa imekwisha kuandaa watu kabla nafasi haijawa wazi.

Kutoka katika mkondo huo wa walimu ndiko walikotokea viongozi wa baadaye. Stefano Moshi alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, akawa askofu, na mwaka 1963 akawa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Josiah Kibira naye alikuwa mwalimu. Huko Bukoba Bengt Sundkler, msomi wa Kiswidi aliyekuwa ametumika Afrika kwa muda mrefu, aliwekwa kuwa askofu mwaka 1961. Mwaka 1964 alimwachia Kibira kiti hicho. Miaka mitatu! Msomi mwenye sifa yake hakukishikilia kiti mpaka nguvu zimwishie. Alikaa kwa kadiri ilivyofaa, akaondoka angali na uwezo wa kufanya kazi nyingine. Kibira akaongoza dayosisi ile hadi mwaka 1984, na toka 1977 akawa pia Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni. Mlango wa kutokea, ambao hotuba ya Luther haikuutaja, hapa ulitumika kwa heshima.

Kisha ukaja mwaka 1969. Sheria ya Elimu ya mwaka ule iliziweka shule za makanisa zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali. Nia ya Serikali ilikuwa kuondoa ubaguzi katika elimu, na wengi katika Kanisa waliiunga mkono. Lakini kulikuwa na matokeo mengine. Isipokuwa katika seminari na shule chache, Kanisa halikuwa tena na mahali ambapo mwalimu kijana angekua chini ya mkuu wa shule wa Kanisa, akawa mwalimu wa taaluma, kisha makamu, kisha mkuu. Dayosisi zilipoanza kujenga upya sekondari zake kwa wingi, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, zilipata majengo na wanafunzi kwa haraka kuliko zilivyopata viongozi. Ilikuwa kawaida kuwaomba walimu waliostaafu serikalini waje kuziongoza. Wazee wale walifanya kazi njema na hatuwezi kuwalaumu. Ila mnyororo ulikuwa umekatika mahali fulani, na mnyororo uliokatika hauungwi kwa kujenga maabara.

6. Kuandaa wengi, kuita mmoja

Wengi wetu tuliowahi kukaa katika bodi za shule tunazijua hali mbili. Ya kwanza ni ya mkuu wa shule asiyemwandaa mtu. Makamu wake hutia saini ruhusa za wanafunzi, lakini hajawahi kuona hesabu za benki. Hajui mkataba wa mzabuni wa chakula, wala ahadi zilizotolewa kwa wafadhili. Siku mkuu anapougua, bodi inaitwa kwa dharura. Ya pili ni ya mkuu anayemwandaa mtu mmoja tu, naye ni ndugu yake, au mtu wa kijiji chake, au yule asiyempinga kamwe. Hali hizi mbili zaonekana kupingana, lakini ni dhambi moja. Katika zote mbili wadhifa umegeuzwa kuwa mali.

Maandiko Matakatifu yanazijua hali hizi. Wana wa Eli walirithi madhabahu wasiyoistahili (1 Sam. 2:12-17). Samweli, aliyelelewa hekaluni kama mwanafunzi wa bweni na kuyaona hayo kwa macho yake, aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakapenda rushwa (1 Sam. 8:1-3). Kuona kosa la mtangulizi hakumkingi mtu asilirudie.

Musa alifanya vingine. Katika Hesabu 27:15-23 ni yeye anayemwomba Mungu aweke mtu juu ya kusanyiko, wala hakumtaja mwanawe. Mungu anamwonyesha Yoshua, mtu aliyekwisha kutumika miaka mingi kando yake. Musa anamsimamisha mbele ya kuhani na mbele ya kusanyiko lote, anamwekea mikono, na kumpa sehemu ya heshima yake, yeye mwenyewe akiwa bado hai, ili watu wajifunze kumsikiliza. Tuangalie mpangilio wake: utumishi wa muda mrefu, wito wa Mungu, ushuhuda wa watu wote, na kugawiwa madaraka kidogo kidogo. Lakini habari haikomei hapo. Yoshua, aliyeandaliwa vizuri hivyo, hatusomi kwamba alimwandaa mwingine, na kizazi kilichofuata hakikumjua Bwana (Amu. 2:10). Kwa hiyo kipimo cha urithishaji hakiko kwa mtu wa pili. Kiko kwa wa tatu. Ndiyo maana Paulo katika 2 Timotheo 2:2 anahesabu vizazi vinne: yeye mwenyewe, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao.

Wapo wanaosema kwamba kuandaa warithi kunaleta fitina, na kwamba tumwachie Roho Mtakatifu. Jibu liko katika Matendo 1:21-26. Mitume walimwomba Bwana achague. Lakini kwanza waliwatafuta watu waliokuwa wamefuatana nao tangu mwanzo, wakapata wawili waliofaa. Maombi hayakuchukua mahali pa maandalizi, wala maandalizi hayakuchukua mahali pa maombi. Aidha, Ungamo la Augsburg, kifungu cha 14, lafundisha kwamba mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti katika Kanisa pasipo kuitwa kwa utaratibu. Kifungu hicho kinahusu huduma ya Neno, si ukuu wa shule. Hata hivyo roho yake inatufaa. Anayeondoka hana mamlaka ya kumtaja mrithi wake kama mtu anayeandika wasia wa shamba. Kazi yake ni kuandaa wengi; kuita mmoja ni kazi ya Kanisa. Palipo na watatu au wanne wenye uwezo, fitina hupungua, kwa maana asiyeitwa bado ana kazi ya kufanya na heshima ya kuifanya.

7. Yatupasayo kufanya

Hotuba ya Luther iliandikwa ili wahubiri watende jambo. Si haki kuihakiki kisha tukaishia kwenye uhakiki.

Bodi za shule ziuandike mlango wa kutokea. Kipindi cha mkuu wa shule kijulikane tangu siku anapoingizwa kazini, na katika mwaka wa mwisho wa kipindi hicho makabidhiano yaanze kwa maandishi: hesabu, mikataba, madeni, ahadi, na pia mambo yasiyoandikwa popote, kama vile wazee wa kijiji waliotoa ardhi na masharti waliyoyaweka.

Makamu mkuu wa shule apewe kazi ya kweli. Aongoze baadhi ya vikao, aeleze hesabu mbele ya bodi angalau mara moja kwa mwaka, ashike shule mkuu anapokwenda likizo bila kupigiwa simu kila saa. Akikosea, akosee mkuu wake angalipo wa kumsahihisha. Katika uteuzi huu walimu wanawake wasiachwe wabaki kuwa matroni na walezi wa wasichana tu. Uwezo wao unaonekana darasani kila siku.

Wanafunzi wenye kipawa cha kufundisha watambuliwe mapema. Katika shule zetu tunamsifu kijana anayekwenda kusomea udaktari au uhandisi, naye anayechagua ualimu tunamhurumia. Mchungaji wa shule aliyeisoma hotuba ya 1530 hawezi kunyamaza mbele ya jambo hili. Na usharika unaoweza kununua vyombo vya muziki unaweza pia kumsomesha kijana mmoja maskini katika chuo cha ualimu, kwa ahadi kwamba atarudi. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, kwa ushauri wa Luther, uliweka hazina ya pamoja ambayo miongoni mwa matumizi yake yalikuwa kumlipa mwalimu wa shule. Nasi si maskini kuliko watu wa Leisnig.

Mwisho, wachungaji tujitazame sisi wenyewe. Ni vigumu mwenyekiti wa bodi amwambie mkuu wa shule aandae warithi, ikiwa yeye mwenyewe usharikani hamwachii mwinjilisti hata kuongoza kikao cha wazee.

Mwaka 2024 ilitimia miaka 500 tangu barua kwa madiwani, na mwaka 2030 itatimia miaka 500 tangu hotuba ya Coburg. Bila shaka tutaiadhimisha. Kabla ya kuandaa sherehe, kila bodi ya shule ya Kanisa ingefaa ijiulize swali moja na kuandika jibu lake katika muhtasari: mkuu wetu akiondoka mwezi ujao, ni watu gani watatu wanaoweza kuitwa? Bodi isiyo na majina hayo ianze kuyatafuta katika kikao hicho hicho.